Wapimaji udongo nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi: wanaanza na jiwe

Kitalu changu cha miche ya miti ya asili kiko Kibosho. Wateja wangu wakubwa ni watu wa mlimani wanaotaka kurudisha mseri, mruka na mkukusu kwenye vihamba vyao na kandokando ya mifereji. Upande wa mama yangu ni Usangi, Upareni. Ndugu zangu wa huko walipoamua kupanda upya miti kwenye ardhi ya ukoo chini ya msitu wa Kindoroko, niliwapelekea miche ya kundi lilelile ninalouza nyumbani: mbegu za miti mama ileile, viriba vilevile, umri uleule. Ya Kibosho ikashika na kupaa. Ya Usangi ikadumaa. Mseri ndio ulionitia uchungu zaidi, kwa sababu ni mti wa asili wa milima yote miwili; babu zetu wa pande zote waliupasua mbao. Majani yake ya chini yaliingia rangi ya zambarau, na mche mmoja nilipoung'oa nikakuta mizizi mifupi, imevimba kwenye ncha, haina zile nywele laini za kunyonya maji.

Kila niliyemuuliza alisema ni mvua. Kweli mteremko wa kusini wa Kilimanjaro unanyeshewa kuliko Upare, lakini msimu ule Usangi mvua zilikuwa nzuri, na mjomba alikuwa akimwagilia kila palipokauka. Nikapeleka udongo wa sehemu zote mbili kwa wapimaji fulani ambao sitawataja. Zikarudi karatasi mbili zenye ushauri mmoja, neno kwa neno: mbolea ya DAP wakati wa kupanda, ya urea baadaye. Udongo mmoja ni mweusi na mwepesi mkononi, mwingine ni mwekundu na mzito, halafu dawa moja. Nililipa, na iliniuma.

Ndiyo maana naandika kwa furaha kuhusu hawa wa Moshi. Wako ghorofa ya juu ya duka la pembejeo, mtaa wa nyuma ya soko la Mbuyuni. Unapanda ngazi za nje. Chumba si kikubwa: meza ndefu, mizani, mashine ya kutikisa chupa, tanuri la kukaushia, na rafu imejaa mifuko ya kaki yenye majina ya vijiji. Ukipiga simu kuuliza bei, wanakupa bei, kisha wanakwambia: pamoja na udongo, lete jiwe la hapohapo, la ukubwa wa ngumi, ulilolichimbua mwenyewe na si lile la kando ya barabara, maana kokoto za barabarani zinatoka popote. Sijawahi kusikia mpima udongo mwingine akiomba jiwe.

Binti anayepokea sampuli aliniamkia, nikamwitikia, akavunja mawe yangu kwa nyundo kabla hata ya kufungua mifuko. "Mama, tazama ndani, nje pameshaoza." La Kibosho lilikuwa la kijivu cheusi, limejaa vitundu vya hewa, na humo ndani vichembe vyeupe vya feldispa. Lava. La Usangi lilikuwa na mistari, mweupe kisha mweusi, mweupe kisha mweusi, ulanga unametameta ukiligeuza kwenye mwanga, na vidoa vyekundu vya ganeti vidogo kama mbegu za ulezi. Alinipa kioo cha kukuzia, akaniacha nitazame kwa muda wangu. Nimekulia nikikanyaga mawe haya yote mawili, na siku ile ndiyo nilianza kuyajua.

Mtaalamu mkuu, mama wa makamo asiye na haraka, ndiye anayekaa na wewe majibu yakitoka. Nusu saa ya maelezo imo ndani ya bei. Kwangu hiyo nusu saa ndiyo huduma yenyewe. Karatasi ni nyongeza.

Alianza na umri. Kilimanjaro ilianza kujengwa kama miaka milioni 2.5 iliyopita, Shira kwanza, kisha Mawenzi na Kibo, na lava changa za Kibo hazijatimiza hata miaka laki mbili. Kwa mwamba huo ni utoto. Milima ya Upare iko kwenye safu ya milima ya kale inayotoka Taita, Kenya, ikapita Upare na Usambara hadi Udzungwa. Miamba yake ni miamba geu, iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikainuliwa. Ni ukanda uleule wa miamba unaotoa tanzanaiti pale Mererani. Kwa hiyo ukisimama Moshi mjini, kulia na kushoto kwako kuna milima miwili yenye misitu, na chini ya misitu hiyo kuna mawe yasiyo na undugu wowote.

Mtaalamu wa udongo Hans Jenny alishaeleza mwaka 1941 kwamba udongo unatengenezwa na mambo matano: hali ya hewa, viumbe, sura ya nchi, mwamba mama na muda. Kwetu tunaishia kwenye mvua, na mpima mbaya anaishia kwenye mbolea. Mwamba mama na muda havitajwi, wakati ndivyo vinavyoamua ni madini gani yamo kwenye ghala na mvua imeshayachota kwa miaka mingapi. Naitrojeni inatoka hewani kwa msaada wa vijidudu, kwa hiyo msitu unaweza kuikusanya polepole hata juu ya lava tupu. Fosforasi, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu sehemu kubwa zinatoka kwenye jiwe. Lava na majivu ya volkano yana madini mengi yanayooza upesi na kuachia virutubisho hivyo. Mwamba kama ule wa Usangi una kwatzi nyingi, ambayo haina cha kumlisha mti, na mvua ya joto imeufua udongo wake kwa muda mrefu mno. Kinachobaki ni mfinyanzi uliochoka pamoja na kutu ya chuma na alumini. Wekundu wa udongo wa Usangi ni chuma hicho.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila mkulima wa mlimani akione. Binti alivaa glavu, akatandaza karatasi mbili za chujio zilizoloweshwa fenofthalini, dawa inayogeuka waridi ikikutana na alkali, na kukaushwa. Kwenye kila moja akaweka udongo kiasi cha punje ya harage, huku wa Kibosho, huku wa Usangi. Kabla ya yote alidondoshea kidogo tindikali kwenye sampuli za pembeni aone kama zitatoa povu, kuhakikisha hakuna chokaa ya kupotosha majibu. Hazikutoa. Halafu akadondosha maji ya floridi ya sodiamu kwenye zile karatasi. Wa Usangi ulilowa tu, ukaacha duara la maji. Wa Kibosho ulikaa kidogo, kisha ukingo wa duara ukaanza kuingia waridi, waridi ikakolea, ikasambaa hadi karatasi yote ikawa rangi ya ua la bogonvilia. Nilimwomba arudie, akarudia bila kununa.

Maana yake ni hii. Majivu ya volkano yanapooza hayatoi mfinyanzi wa kawaida kwanza. Yanatoa chembechembe laini zisizo na umbo, zinaitwa alofeni, zenye alumini iliyo tayari kushikana na kitu chochote. Floridi inaipokonya alumini hiyo kile ilichokishika, maji yanageuka kuwa ya alkali, na rangi inaonekana. Chembechembe hizohizo ndizo zinazofanya udongo wa Kibosho uwe mwepesi mkononi, ushike maji mengi, na ushike mboji kwa miaka na miaka. Na hapa mama mtaalamu alinipa habari ambayo wauza mbolea hawakunipa kamwe: alumini ileile inaishika pia fosforasi, na haiiachii kirahisi. Udongo wa volkano ni tajiri, lakini si kila ulichonacho unaweza kukitumia leo.

Majibu yalithibitisha. Fosforasi ambayo mmea unaweza kuichukua haikupishana sana kati ya sampuli mbili. Fosforasi yote iliyomo ndiyo iliyopishana mno. Kibosho imo ila imefungwa. Usangi ilishaondoka, na kidogo iliyobaki imeng'ang'aniwa na kutu ya chuma. Angekuwa mpima wa haraka angepima ile ya kwanza peke yake na kuniandikia dawa moja, kama ilivyokwisha kunitokea. pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, ya Kibosho ilikuwa 5.7, ya Usangi 4.5. Ukisoma harakaharaka unaona tofauti ndogo, kumbe kwenye kipimo hicho kila namba moja ni mara kumi, na Usangi ina tindikali zaidi ya mara 15. pH ikishuka chini ya 5.5 au hapo, alumini inaanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo, na ncha za mizizi ndizo zinazoumia kwanza. Nilikuwa nimebeba ule mche nilioung'oa, umekauka kwenye gazeti. Aliutazama mara moja tu. "Hii ni alumini, mama. Na hiyo zambarau ni njaa ya fosforasi."

Alinionya nisidhani volkano maana yake hakuna tindikali. Kilimanjaro nayo, ukipanda juu kwenye msitu wa mvua nyingi, udongo unakuwa mkali kwa sababu maji yanaosha na majani yanayooza yanatoa tindikali yao. Tofauti ni kwamba chini ya udongo ule kuna mawe ambayo bado yanaoza na kulipa. Mkukusu mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika, mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016, umesimama kwenye bonde la Kilimanjaro, na waliouchunguza walitaja udongo wa volkano miongoni mwa sababu pamoja na joto na mvua. Mimi nauza miche ya mkukusu, kwa hiyo mtanisamehe nikilitaja hili kila mahali.

Nilimuuliza kama haya ni mambo yetu tu. Akanionyesha ramani ukutani, akaweka kidole Hawaii. Visiwa vile vyote vimetokana na volkano, lakini umri wake umepangana: kuna udongo wa miaka 300 na kuna wa miaka milioni 4 na ushei, na mti mkuu wa msituni ni uleule. Mwanasayansi Peter Vitousek na wenzake waliweka mbolea kwenye misitu hiyo. Kwenye udongo wenye umri mdogo miti iliitikia naitrojeni. Kwenye udongo mkongwe iliitikia fosforasi. Ndivyo wanasayansi Walker na Syers walivyokuwa wamesema mwaka 1976: fosforasi ya jiwe inapungua kadiri udongo unavyozeeka, na hakuna hewa ya kuirudisha. Kwenye kisiwa kikongwe cha Kauai msitu unapata sehemu ya fosforasi yake kutoka kwenye vumbi linalopeperushwa toka Asia. Kisha akahamisha kidole hadi Borneo, mlima Kinabalu, mita 4,095. Huko unaweza kusimama kwenye kimo kimoja, mvua moja, ukawa na miamba miwili: huku miamba ya mashapo, kule miamba mizito yenye magnesiamu, chuma na nikeli kwa wingi. Juu mlimani, kwenye miamba hiyo mizito, miti ni mifupi zaidi na fosforasi ni adimu. Wanasayansi wa Kijapani, Kitayama na Aiba, wameuchunguza mlima huo kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hasa. Nilitamani wanafunzi wa sekondari wa Moshi wangekuwemo mle chumbani, maana sisi tunayo maabara ya namna hiyohiyo, Kibosho na Usangi, kwa nauli ya basi.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa kuhusu msitu wenyewe. Mjomba amekuwa akisema: msitu wa Kindoroko umestawi, basi udongo una rutuba, tatizo ni miche yako. Mama mtaalamu alisema msitu mkubwa unaweza kusimama kwenye udongo maskini kwa sababu unazungusha kidogo chake bila kupoteza. Jani linaanguka, linaoza, mizizi midogo na kuvu wanaoishi nayo wanalidaka kabla mvua haijaliosha. Mali yote imo kwenye miti na takataka za juu. Ukifyeka na kuchoma, umeitoa mali. Misimu michache ya mahindi, kisha udongo unabaki mtupu. Wajerumani walijifunza hivyo Usambara Mashariki karne ya 19 ikiishia: waliona msitu mnene, wakaufyeka kupanda kahawa, na kahawa ikawaangusha, udongo ukiwa mojawapo ya sababu. Leo milima hiyo ina mashamba ya chai, mmea unaovumilia tindikali na alumini. Kahawa ileile Kilimanjaro, tangu ilipoingia kwa wamisionari wa Kilema mwaka 1898, imesomesha vizazi. Wachaga wamefyeka msitu na vihamba bado vinazaa, kwa kazi yao ya samadi na mifereji, na kwa mwamba uliokuwa chini yao. Wapare nao walikuwa na busara yao: misitu ya ukoo, mipungi, ilikatazwa kuguswa. Mimi udongo wangu niliuchukua nje ya mpaka wa mpungi, kwa ruhusa ya mjomba.

Ushauri wa maandishi ulikuwa tofauti kwa kila sehemu, kama inavyotakiwa. Kibosho: usiweke mbolea ya dukani kwenye mseri, ongeza samadi iliyooza, maana mboji inasaidia kuifungua fosforasi iliyoshikwa. Usangi: kila shimo liwekewe fosfeti ya Minjingu. Hii ni ya kwetu hapa, inachimbwa karibu na Ziwa Manyara kwenye mashapo ya ziwa la kale yenye mabaki ya samaki na ndege, na inahitaji udongo wenye tindikali ili iyeyuke. Kwenye udongo wa alkali wa tambarare ungekuwa unazika pesa. Usangi tindikali yenyewe inafanya kazi ya kuifungua, na kalsiamu inaingia pamoja nayo. Pia: usisafishe eneo lote, panda katikati ya vichaka vilivyopo, rundika majani shinani, na kwenye viriba changanya konzi ya udongo wa chini ya mseri mkubwa wa Usangi, ili mche uondoke kitaluni ukiwa na kuvu wake wa mizizi. Miche mipya niliyoiandaa hivyo iko ardhini sasa. Majani mapya ni ya kijani. Sitasema zaidi mpaka kiangazi kipite.

Sasa kasoro, maana zipo na zinahitaji kurekebishwa. Kipimo cha fosforasi yote hawakifanyi wenyewe, wanakituma nje, na kilichelewa kupita tarehe waliyoniahidi bila mtu kunipigia simu; mimi ndiye niliyekuwa nafuatilia. Kwa mtu anayesubiri mvua za masika hilo si dogo. Pili, karatasi ya majibu imejaa vifupisho vya Kiingereza na vipimo visivyoelezwa. Maelezo ya mdomo ni mazuri kupita kiasi, lakini mjomba hakuwepo, na karatasi niliyompelekea haikumwambia kitu. Ilibidi nikae naye jioni nzima kumfafanulia. Watu wanaoweza kufundisha vile kwa Kiswahili wanaweza pia kuandika kwa Kiswahili. Tatu, maji hawapimi. Mzee mmoja wa Maji ya Chai, Arusha, alikuja na dumu la maji ya kisima akitaka kujua floridi, tatizo la siku nyingi kwa watu wanaoishi chini ya Meru, na hilo nalo limetoka kwenye miamba ya volkano. Walimwelekeza kwingine kwa heshima, lakini kuandika kwenye bango la chini kwamba hapa ni udongo tu kungempunguzia mzee safari.

Bei kwangu ilikuwa shilingi elfu arobaini kwa sampuli, na kile kipimo cha kutuma nje kinalipiwa peke yake. Kwa mtu anayepanda mahindi robo eka kwenye udongo anaoujua, ni ghali, na sidhani anakihitaji. Kwa mwenye kitalu, mwenye kahawa, kikundi cha kurudisha msitu au shule inayopanda miti, ni pesa iliyokaa mahali pake, hasa kama miche inapelekwa mbali na ilikooteshwa. Vikundi wanapunguziwa, uliza kabla.

Ukienda, chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, kina cha jembe, uuchanganye kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, kisha upime kilo moja hivi. Ondoa takataka za juu ila usizitupe, wanapenda kuziona. Andika kwenye mfuko kijiji, kimo kama unakijua, na kilichokuwa kimeota hapo kabla. Na jiwe: chimba mpaka ulikute lililoshikana na ardhi. Nenda asubuhi katikati ya wiki, kwa sababu siku za soko ngazi zinajaa wateja wa duka la chini, na mama mtaalamu hapendi kuongea na mtu huku mwingine amesimama mlangoni.